Taa Ndogo Nyekundu ya Landrova ya Kapela

Mudogo wangu Wilondja,

Nakusalimia katika Bwana, mimi mukubwa wako, pamoja na shemeji yako na batoto wote. Afya yako inaendaje? Kile kikohozi cha moshi wa mazuti kilikuacha, ao bado kinakusumbua? Unakula vizuri huko Kalemie? Mama Feza, yule anayenunua samaki Kazimia, alituambia alikuona bandarini, umekonda lakini unacheka na watu. Tulimshukuru Mungu kwa hilo la kucheka. Sisi tuko. Mvua ni nyingi, muhogo mwingine umeoza shambani, na magoti yangu yameanza kuwa kama ya mama.

Sikukuandikia tangu uende, na sababu unaijua. Leo nakuomba jambo moja: usiitupe karatasi hii kabla ya kufika mwisho.

Unaikumbuka landrova ya kapela, kanisa letu dogo, tuliyoachiwa na padri wa zamani, ili ibebe wagonjwa na bamama wajawazito mpaka hospitali ya Baraka? Ilikuwa ya zamani kukupita wewe. Uliipenda kuliko viatu vyako. Uliisimamisha kila siku mahali pamoja, mbele ya kapela, pua ikitazama mteremko, kwa sababu bila kusukumwa haikuwaka. Mama alikuwa anasimama na kapu lake, anacheka: "Hii motokari yenu ni mbuzi. Haiende mpaka muisukume matako!" Na wewe ulimjibu kutoka dirishani: "Sukuma basi, mama, we njo uko na nguvu!" Siku moja alitua kapu na kusukuma kweli, huku anaimba.

Kila ilipogoma, sisi wote tulisema: betri. Uliifungua, ukaibeba kichwani juu ya ngata mpaka penye gari la kushuka Baraka, ikachajiwe, asidi ikakutoboa shati. Ilirudi na nguvu, siku nne, siku tano, halafu kimya tena. Nakumbuka jioni ile ulikuja kwangu, ukachuchumaa karibu na jiko, mikono myeusi, ukaniita kwa jina la mukubwa, ukasema: "Yaya, betri iko muzima. Kule Mboko njia iko tambarare, nikiikimbiza inapata nguvu. Huku mulimani tunatembea polepole, inakufa. Kuko kitu hakiamuke." Halafu ukaniuliza: "Na ile taa ndogo nyekundu ya mbele ya sukani, ilienda wapi? Zamani nikifungua kontakti kwa ufunguo ilikuwa inawaka."

Nikakujibu: "Iliungua. Ile ni ya urembo tu, usisumbuke."

Haikuungua, mudogo wangu. Niliitoa kwa mikono yangu.

Unajua ni mama aliyekuwa anatunza taa ya tabernakulo, ile ya kapela isiyotakiwa kuzimika. Kila Jumamosi alipanda na chupa ya mawese, anajaza, anakata utambi, anapiga magoti. Mwaka ule magoti yalipomkatalia, alianza kulia nyumbani: taa ya Bwana itazimika, na yeye ndiye atakuwa ameizima. Mimi kama musakristani, mtunza vyombo vya kapela, nikaona njia. Tulikuwa na kile kisahani cha kuvuta umeme wa jua na betri ndogo ya pikipiki. Nilikosa tu ampuli, balbu yenyewe ya kuwaka. Nikaingia kwenye landrova, nikachomoa ile ndogo ya mbele ya sukani, nikaifunga nyuma ya kioo chekundu. Niliwaza, taa hii kazi yake ni kutangaza habari mbaya tu. Afadhali ikamwangazie Mungu. Mama alipoiona alipiga kigelegele, akaniwekea mkono kichwani. Nilikuficha kwa haya tu. Kuchomoa kitu cha kapela bila kuuliza baraza, mimi niliyekuwa nawafundisha wengine wasiguse mali ya kanisa! Nikasema, ni kitu kidogo.

Halafu ikaja ile siku ambayo hatuitaji.

Ilikuwa asubuhi, mvua imefunga milima mpaka tukaona kama jioni. Mama anapumua kwa shida, kichwa chake juu ya mapaja yangu huko nyuma. Uliwasha taa kubwa, ukawasha vile vya kufuta kioo, ukaenda polepole kama unabeba mayai. Mtoni maji yakaingia, injini ikazimika. Ukazungusha ufunguo: tik. Tena: tik. Mbele yetu njia ilikuwa inapanda, na matope. Nani angesukuma wapi? Wanaume wa shamba la jirani wakakata miti, tukafunga tipoyi, machela ya miti, tukambeba. Wewe ulishika upande wa kichwa na hukukubali kupokewa. Mama alituacha kabla hatujaona bati la kwanza la Baraka.

Sijui kama angepona. Dokta alisema moyo ulikuwa umechoka. Mungu ndiye anajua. Lakini mimi nilijifanya ninajua.

Siku ya kuondoa matanga nilisimama mbele ya ukoo wote. Nilisema huyu mudogo wangu alikuwa anaachia majirani wachaji telefone zao kwenye betri ya wagonjwa. Nilisema, "Umeuza pumzi ya mama kwa kutaka kupendwa." Ukajaribu kujieleza. "Yaya, ni telefone tatu, siku ya soko," ulisema, "haziwezi kumaliza betri." Nikakukatiza. Shangazi akavuta mkeka uliokuwa umeukalia, ukabaki kwenye udongo, na hakuna mtu aliyesogea kukupa nafasi. Kesho yake tulisikia umepanda boti Kazimia.

Ulipoenda, kapela ilitafuta betri mpya. Nikafunga kofuli kwenye boneti, ufunguo ukalala shingoni mwangu pamoja na rozari. Hazikupita wiki mbili: kofuli iko salama, betri imekufa. Hapo ningeelewa. Lakini moyo mugumu unatafuta mwizi mwingine. Nilisema betri za siku hizi ni mbaya. Landrova ikabaki imesimama, kuku wakataga ndani, na mke wa katekista akajifungulia njiani, juu ya pikipiki. Mtoto aliishi, tunashukuru, lakini baraza likaamua tumuite fundi.

Alikuja fundi Ramazani wa Baraka, yule mzee mwislamu anayetengeneza altenateri, ile mashine inayozungushwa na mkanda na kulisha betri. Alikuja na betri yake nzuri. Akapima kwa mita yake injini imezimwa: volti kumi na mbili na nusu. Akaiwasha, akapima tena. Namba haikupanda, ilianza kushuka. Akanitazama juu ya miwani.

"Papa Asukulu, betri zenu hazikuwa na ugonjwa. Huyu ni muntu wa njaa, na nyinyi munamupeleka tu kwa dokta. Nani alimupa bugali?"

Akakaza mkanda, uliokuwa umelegea tangu enzi za kusukuma, akakwangua kutu kwenye vichwa vya nyaya. Bado. Ndipo akazima, akafungua kontakti, akainama mbele ya sukani.

"Taa nyekundu haiwake. Nani alitoa ampuli?"

"Ni ya urembo," nikasema.

"Urembo!" Alicheka mpaka akashika mlango. "Papa, hii si mukufu wa bibi arusi. Umeme kidogo unapita mu hii ampuli, unaenda kuamusha altenateri. Bila hiyo inalala. Labda ukikimbiza sana njo inaamuka yenyewe."

Ukikimbiza sana. Maneno yako, Wilondja. Ulikuwa umenipa jibu karibu na jiko langu.

Niliingia kapela. Ile ampuli ilikuwa inawaka nyuma ya kioo chekundu, tulivu, kama tangu siku ile ya kigelegele. Miaka miwili nilipiga magoti mbele yake kila asubuhi nikiomba Mungu akuguse moyo utubu. Niliichomoa, nikamletea fundi. Alipofungua kontakti, nyekundu ikawaka. Injini ikashika, nyekundu ikazimika, na mita ikapanda mpaka kumi na nne. Mzee akapiga makofi. Mimi nilikaa chini kwenye matope, na watu wakadhani ni furaha.

Nilienda kuungama. Padri alinisikiliza, halafu akasema, "Ulisema mbele ya watu, rudi useme mbele ya watu. Kisha umuandikie." Jumapili nilisimama, nikasema yote, ampuli, uongo, kofuli. Shangazi alitoka nje katikati ya maneno yangu. Jioni alikuja kwangu na ule mkeka umekunjwa kwapani, akauweka pembeni ya ukuta. "Huu ni wa Wilondja," alisema. "Mutu asiukalie." Alikataa hata maji ya kunywa.

Mawese sasa ninapeleka mimi kila Jumamosi. Utambi unavuta moshi, kioo kinakuwa cheusi, ninakisafisha kwa kanga ya mama. Landrova inawaka kwa ufunguo, bila kusukumwa, lakini hakuna anayeijua njia ile kama wewe, na mimi bado ninaisimamisha pua chini, mahali pako. Sijui kwa nini. Ninapofungua kontakti, ninangoja kwanza niione nyekundu, ndipo ninawasha.

Sikuombi urudi. Sina uso wa kukuomba hilo. Hata neno la msamaha sikudai. Kosa langu nimelibeba peke yangu, si zito kama tipoyi uliyokataa kupokewa. Nilitaka tu ujue kwamba hukumuua mama yetu, na kwamba hapa kijijini kila mtu sasa anajua. Usiku ukilala, lala.

Mama Feza anabeba barua hii. Atakaa Kalemie mpaka wauze dagaa zote, halafu anarudi na boti ileile. Mpe karatasi, hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunitukana. Nijibu upesi, mudogo wangu.

Mukubwa wako,
Asukulu