Karatasi Isiyo na Wino Mwekundu

Alhamisi, alasiri. Vuli imechelewa na joto limekaa juu ya mabati ya mtaa wetu wa Mabawa, hapa Tanga, kama mgeni asiyejua kuaga. Nimefungua madirisha yote, upepo hakuna. Nimepika chai, nimeiacha mezani.

Asubuhi nilipewa alama kumi na saba kwa ishirini, nyingi kuliko mwanafunzi yeyote darasani. Kufika saa saba mchana nilikuwa na kumi na moja. Nilikwenda kuziomba mwenyewe hizo kumi na moja, na sasa sina wa kumsimulia.

Nianze mwanzo, maana huenda leo akapita hapa mtu asiyenijua. Nina miaka hamsini na tatu. Nilikuwa karani wa ofisi ya shamba la mkonge, nikastaafu kwa hiari. Kwa miaka kadhaa nimetumia blogu hii kuwachapa wachumi: wanaoonekana kwenye runinga, wanaoandika magazetini, wanaomwambia mkulima aliyepigika kwamba soko litajirekebisha. Mwaka jana mmoja wao alinijibu kwamba hoja zangu hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona zina matundu. Nikajiandikisha mwaka wa kwanza. Watu wengine huenda chuo kutafuta cheti. Mimi nilikwenda kutafuta ugomvi.

Na ugomvi niliupata, au niliamini hivyo.

Anayetufundisha Utangulizi wa Uchumi ni Mwalimu Mbelwa, kijana wa Kishambaa wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, shati limechomekwa sawasawa hata siku za joto kama leo. Anafundisha kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo anavyotakiwa, kisha anageuka na kueleza upya kwa Kiswahili kwa sababu anataka tuelewe. Mifano yake ni ya hapa hapa: dagaa, mkate wa mofa, nazi za Pangani. Darasa linampenda. Akichora mistari yake miwili ubaoni, ule unaopanda na ule unaoshuka, anarudi nyuma hatua moja kuitazama kama fundi anayekagua mlango alioutundika.

Kipindi cha pili alileta machungwa ya Muheza. Mavuno yakiwa mengi, alisema, bei hushuka. Tuchukulie mengine yote hayabadiliki. Nikasimama. Nikamuuliza lini mengine yote yamewahi kutulia. Nikamwambia bei ya chungwa Muheza haipangwi na mstari wake, inapangwa na dalali anayefika shambani na gari wakati chungwa bado ni ua, akamkuta mkulima ana mtoto wa kupeleka shule. Nilisema kwa dakika kumi. Nilipoketi palikuwa kimya.

"Ahsante, mama," alisema Mwalimu Mbelwa. "Mchango mzuri." Akafuta ubao.

Nilirudi nyumbani nikaandika hapa kwamba nimemmaliza. Wiki iliyofuata nikammaliza tena. Kila Jumapili nilibandika taarifa ya ushindi wangu. Yeye kila mara alisema ahsante mama, mchango mzuri, na vijana walikaa kimya, na mimi niliuhesabu ukimya huo kuwa ni wangu.

Hakuna aliyewahi kukaa karibu nami pale mstari wa mbele. Niliona ni sawa, wananiogopa. Asubuhi wanapita wakiniamkia mmoja mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama, naitikia marahaba kama bibi harusi anayepokea zawadi. Kisha wanakwenda kukaa nyuma na kucheka mambo yao.

Sasa la leo. Karatasi zilipopita nikaitazama yangu: kumi na saba, na chini yake kwa kalamu nyeusi, "Nzuri, mama." Basi. Kurasa nne zangu za hoja zilikuwa safi kama zilivyotoka mkononi mwangu.

Nikageuka ili mtu anione nilivyofaulu. Nalikiri hilo kwa aibu. Aliyekuwa karibu zaidi, viti kadhaa nyuma yangu, ni Mwanaidi, binti wa miaka ishirini hivi, kilemba cha kijani, sijawahi kumsikia akisema neno darasani. Yeye alipata kumi na tatu. Lakini karatasi yake ilikuwa imejaa wino mwekundu kutoka juu hadi chini. Mishale, viduara, "hapana", "rudia", "hapa umenichekesha". Pembeni mwa sentensi moja, kwa herufi kubwa: "Vizuri! Kwa nini?"

Palikuwa na mazungumzo mle. Mtu alikuwa ameketi na karatasi ya yule binti na kuzungumza naye.

Nikaona na mchoro wake. Alikuwa ameandika bei kwenye mstari wa chini, wa kulala, na Mwalimu alizungushia duara jekundu: "Bei husimama wima." Akamkata alama mbili. Nikafungua mchoro wangu. Mimi pia niliilaza bei, kosa lile lile. Pembeni palikuwa na alama ya vema.

"Mwanaidi," nikamwambia, "hii sentensi aliyoisifu umeiandika nini?"

"Ah, mama, ni mambo ya kwetu tu. Mwaka ule maua yalipopukutika, machungwa yakawa haba. Madalali walikuja mapema wakagombana shambani kwa baba. Mmoja alilala kwetu ati asipitwe."

"Baba yako ana shamba la machungwa?"

"Muheza. Tangu kwa babu."

"Mbona siku zote hizo hukusema?"

Akatazama chini, akaitazama karatasi yake, halafu akanitazama mimi kwa upole ambao sitausahau.

"Ulikuwa unaongea wewe, mama."

Wiki nane nimekuwa wakili wa wakulima wa Muheza mbele ya binti wa mkulima wa Muheza, naye amekaa nyuma yangu kafunga mdomo kwa adabu.

Nilimfuata Mwalimu Mbelwa ofisini. Alinyanyuka kitini aliponiona.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Bei nimeilaza, umenipa vema. Mwanaidi ameilaza, umemkata mbili."

Hakujifanya kushangaa. Hilo nampa. "Niliona," alisema.

"Ukaacha."

"Mwanaidi ni mtoto, mama. Atajifunza."

"Na mimi?"

Akaanza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mama yangu mzazi ni rika lako. Ukisimama pale darasani namwona yeye. Nitamwandikia 'hapana' kwa wino mwekundu?" Akaligonga rundo mezani likae sawa. "Na halafu, mama, blogu yako naisoma."

"Unaisoma?"

"Kila Jumapili. Mke wangu ndiye huniamsha. Ananiambia, amka baba, umepigwa tena."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma njiani. Kumbe kijana huyu amekuwa akila vipigo vyangu kitandani kwake kila wiki, na Jumatatu anakuja kuniamkia.

Nikamwambia atoe kalamu nyekundu. Akasema mama, tuyaache. Nikamwambia ada nimelipa kama wenzangu na sikulipia kuamkiwa.

"Basi ukae," alisema. "Siwezi kumsahihisha mtu aliyenisimamia kichwani."

Nikaketi. Akasoma kurasa zangu nne, zote, mbele yangu, na ilimchukua muda mrefu. Mchoro, akakata. Ukurasa wa pili akaandika "hili hukuulizwa". Wa tatu akaandika vivyo hivyo. Nilijibana nisimkatize, sidhani kama nimewahi kufanya kazi ngumu kama hiyo. Kisha akaweka kidole kwenye aya yangu ya madalali, ile ninayoipenda.

"Hapa una ukweli, mama. Dalali ana nguvu na mkulima ana shida. Mimi mwenyewe kwetu tunalima, nawajua. Lakini umesema bei inapangwa na ubaya wa dalali tu. Sasa mwaka ule machungwa yalipokuwa haba, madalali wale wale walilipa zaidi. Walikuwa wametubu?"

Niliisoma aya yangu upya, kuanzia neno la kwanza.



Nina majibu sasa, mawili matatu, lakini nayajua ni ya mtu anayetafuta pa kutorokea. Pale ofisini sikuwa na kitu, naye alisubiri. Hakusema mchango mzuri. Alinitazama kama anavyoutazama ubao wake, akasubiri mtu wa miaka hamsini na tatu afikiri.

"Sijui," nikasema.

"Jumatatu, basi," akasema. Akaandika kumi na moja juu ya kumi na saba. Pembeni mwa aya ya madalali akaandika kwa wino mwekundu: "Kwa nini?"

Nilitoka pale mwepesi. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani na jua lote lile, karatasi mkononi kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikaingia ndani, nikasema kwa sauti, "Nimekatwa sita." Halafu nikakumbuka kwamba hakuna mtu.

Mengine yote hayabadiliki. Nimelipinga sharti lile wiki nane, na kumbe nyumba pekee Tanga nzima linamotimia ni yangu. Kikombe kimoja, kiti kimoja chenye alama ya mgongo, redio pale nilipoiacha.

Na ndipo nilipomkumbuka Bakari, nikaketi chini.

Bakari alikuwa mume wangu miaka kumi na tisa. Mwanzoni tulibishana mpaka majirani wakawa wanachagua upande. Tulibishana juu ya serikali, juu ya mkonge, juu ya kutia ndimu kwenye mchuzi wa papa. Alikuwa mbishi mzuri. Kisha, kama miaka mitatu ya mwisho, akaanza kusema "sawa". Nikisema jambo, sawa. Nikilirudia kwa ukali, sawa, mama. Nilidhani nimemshawishi. Niliwaambia watu kwamba hatimaye ndani ya nyumba yetu tumeelewana. Siku aliyofunga mizigo akarudi kwao Pangani nilimuuliza tatizo ni nini wakati tunakubaliana kila kitu. Alisema, "Sawa."

Nimeandika hapa mara ngapi kwamba sisi watu wa pwani tumeifanya adabu kuwa pazia, tunaficha nyuma yake yale tunayoyaogopa? Nimewatukana wenye vyeo kwa kupenda kuitikiwa ndiyo. Ni kweli, na sirudi nyuma hata neno moja. Mtu anayeamkiwa tu hafundishwi. Lakini mimi ndiye niliyesema dakika kumi wakati nilihitaji mbili. Mimi ndiye niliyeupenda ule ukimya. Nilikuwa na cheo changu, na marahaba yangu, na watu walinikwepa kwa heshima zote.

Nimechukua simu. Nimeandika ujumbe, nikaufuta, kwa sababu ulikuwa na aya tatu na wa kwanza kulaumiwa alikuwa yeye. Nikaandika mwingine, nao nikaufuta. Wa tatu nimeutuma:

"Bakari, hujambo. Ile miaka uliyokuwa ukiniambia sawa, ulikuwa unakubaliana nami?"

Adhana ya Alasiri imepita. Nimeosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Nimerudi kwenye swali la machungwa, nimeandika sentensi moja na kuikata mwenyewe, kwa kalamu nyekundu niliyonunua njiani. Nimeamua Jumatatu nitakaa mstari wa tatu, na nikitaka kusema juu ya Muheza nitamsubiri Mwanaidi amalize kwanza. Iwapo hatasema, nitamsubiri tu.

Simu imelia sasa hivi, wakati naandika haya.

Ni yeye. Neno moja.

"Hapana."

Nimelisoma mara nyingi, na linauma kila mara. Kwa miaka saba, tukihesabu ile mitatu ya sawa na hii minne ya kimya, sijapata kutoka kwake jibu la kweli kama hili. Vidole vyangu vimeshaanza kutunga utetezi, navijua vidole vyangu. Nimeiweka simu chini, juu ya karatasi, pembeni mwa ule wino.

Kesho, nikishalala na hasira zikalala, nitamuuliza lile lile nililoulizwa mimi. Kwa nini? Kisha nitanyamaza, nimwache ajibu.