Sarafu Yangu Imerudi Nyeupe

Alhamisi, Nakuru. Mawingu tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Roho yangu pia iko hivyo hivyo.

Leo sarafu yangu imerudi, na siamini kama ni yangu.

Kwa wasionijua: mimi hukusanya sarafu za fedha za Kiingereza, zile za kabla ya mashine. Fundi aliweka kipande cha fedha katikati ya mihuri miwili, akagonga na nyundo. Ndiyo maana huwezi kupata mbili zinazofanana. Ninazo chache tu. Hii ndiyo adimu kuliko zote, na aliyeniachia ni babu yangu. Alikuwa mpishi wa mzungu mmoja kule Molo, na mzungu alipohama akampa. Ni nyembamba, imepinda kidogo, nyeusi kwa uzee. Wakusanyaji wanautafuta sana huo weusi.

Nilimpa Swaleh, rafiki yangu wa Bondeni, mkusanyaji mwenzangu, aipige picha na kamera yake nzuri. Akasafiri kikazi. Leo mama yake ameituma na mtu wa boda, imefungwa kwa leso safi, pamoja na mahamri ya moto.

Nikafungua. Wueh! Inang'aa kama sufuria mpya.

Fedha ya karne nyingi haiamki siku moja ikawa nyeupe. Nikajiambia, hii ni feki. Na mtu asiye na hatia anatuma mahamri ya nini? Nikakumbuka binamu yake ni sonara. Nikakumbuka alivyoniuliza kama nimewahi kufikiria kuiuza. Kila kitu kikaingiana, tena vizuri mno.

Sikumpigia simu. Niliandika kwenye grupu yetu ya wakusanyaji: "Chungeni mkimpa Swaleh kitu chenu. Mimi amenibadilishia."

Swaleh aliusoma ujumbe. Alitoka tu kwenye grupu. Nikasema, si mnaona?

Jioni mama yake akapiga.

"Njeri mwanangu, umeipata? Aki ilikuwa nyeusi mpaka nikaona haya. Kitu cha watu hakirudishwi kichafu. Nimeisugua na majivu na ndimu hadi kidole kikaniuma. Swaleh hata hajui, nilitaka kuwafurahisha nyote wawili."

Nikamwambia asante sana, Mama. 

Na bado sikuamini! Nikawaza, pengine wamepanga, mama na mwana. Nikatoa picha niliyoipiga mwenyewe zamani, nikalinganisha. Ukingo uliokatwa juu ya taji la mfalme, upo. Ufa karibu na pua yake, upo. Herufi iliyokosa mguu, ipo.

Ni yangu. Thamani yake imeisha kwenye majivu, lakini ni yangu.

Hata kwetu Molo kiondo cha watu hakirudi kitupu, lazima kitiwe kitu, kama yale mahamri. Nimelelewa hivyo, na nikapelekewa wema nikaona hila. Najichukia leo, wacha niseme ukweli.

Nimeandika kwenye grupu kwamba nilikosea. Watu wawili wameweka kidole gumba, basi. Swaleh hashiki simu yangu.

Kesho anarudi, na nitaenda Bondeni kwao. Akinifukuza, sawa. Lakini mama yake hajui nilichoandika. Atanipa kiti, atanimiminia chai, kisha ataniuliza kama nilifurahi.