Keki Iliyorudi Nyumbani

Padiham,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu mpendwa Glenda,

Salamu nyingi kutoka kwangu mimi mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa dirishani hapo Morecambe ukiwatukana wale ndege wa baharini wanaokuibia mkate, maana siku nikisikia umeacha kuwatukana nitajua unaumwa. Kifua kinaendeleaje? Unavaa ile sweta niliyokuletea, au bado umeiweka ukingoja baridi ya kweli? Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha kama kawaida yake, paka amenenepa mpaka anapita mlangoni kwa kujishauri, na mimi mwenyewe nina furaha ambayo nikikaa nayo kimya nitapasuka.

Nalisalimu pia buli la chai la mama. Usinicheke. Nakuomba ulipanguse vumbi na ulishike kwa mikono miwili, sababu yake utaiona huko mbele.

Habari kubwa ni goti la shemeji yako. Unajua Neville amebeba mbao katika yadi ya Mzee Entwistle tangu ana nywele kichwani. Daktari alimwambia majira ya baridi yaliyopita kwamba goti limechakaa, apumzike siku mbili kamili kila wiki, na kwamba akiendelea kwenda kazini Jumamosi, atakuja kuburuta mguu maisha yake yote. Neville akamwitikia daktari kwa kichwa, akamshukuru, akatoka, na Jumamosi ile ile akavaa buti zake akaenda. Nililia, nikanuna, nikamficha buti. Alikwenda na viatu vya kanisani.

Wala si kwamba tuna njaa. Watoto wamekua, nyumba tumemaliza kuilipia. Lakini Neville alikuwa na wazo lake moja tu: kwamba iko siku Mzee Entwistle atachungulia dirisha la ofisi, atamwona yuko pale peke yake Jumamosi, na atatambua ana mfanyakazi wa namna gani. Miaka yote hiyo yule mzee hajawahi kumwambia hata "umefanya vizuri". Mimi nilikuwa nimeolewa na mtu anayengoja kuangaliwa na dirisha.

Sasa, mwezi wa tatu, tukiwa tunamenya viazi jikoni pale shuleni, mwenzangu Bernadette akanieleza jambo. Alisema kila mtu ana sehemu ya mapato yake ambayo kodi haiigusi. Mimi na mshahara wangu wa nusu siku jikoni sifikii hata kuijaza sehemu yangu. Inabaki inalala bure. Lakini sheria inamruhusu mtu mwenye ndoa, kama anapata kidogo, ammegee mwenzake kipande cha sehemu ile, ili mwenzake akatwe kodi kidogo zaidi. Na utamu wake, dada, ni kwamba anayepata kidogo ndiye peke yake anayeweza kutoa. Yule mkubwa hawezi kuja kuchukua. Lazima apewe.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Neville tukila pai ya nyama na viazi. Nilifikiri atafurahi. Akaweka uma chini, akaniambia yeye na kodi yake wanajuana tangu zamani na hawahitaji mtu wa kuwasuluhisha. Akasema hajawahi kuchukua kitu cha mwanamke isipokuwa sahani ya chakula, na hataanza leo. Kila Ijumaa yeye ndiye anayeweka pesa ya matumizi chini ya saa ya mezani, mimi nachukua. Hivyo ndivyo alivyofanya baba yake, na ndivyo mambo yalivyo. Nikamwambia sawa, baba, kula pai yako.

Kesho yake nilipiga simu ofisi ya kodi. Nilikuwa na namba yangu ya bima ya taifa, na yake nikaitoa kwenye karatasi kuukuu ya mshahara iliyokuwa kwenye droo ya vijiko. Yule dada wa kodi alikuwa na sauti ya upole, akaniuliza hili na lile, akaniambia imekwisha. Hakuna aliyeniuliza Neville anasemaje! Barua ya kumjulisha ilipokuja, Neville aliisukuma nyuma ya saa bila kuifungua, kama anavyofanya na kila bahasha ya serikali.

Basi mshahara ukatoka. Neville akaingia nyumbani na samaki na chipsi za watu wawili, na uso kama wa mtu aliyepewa mtoto wa kiume. Mzee ameniona, Lorraine, akaniambia. Nikamuuliza amekuona vipi. Akasema ameongezewa mshahara, pauni ishirini na kitu kwa mwezi, kimyakimya, bila maneno, maana yule mzee ndivyo alivyo, ana aibu ya kusifu. Halafu akasema neno ambalo nilikuwa nimelilia kwa miezi: sasa ameshaonekana, hana haja ya kwenda Jumamosi.

Dada, nilijifungia chooni nikacheka huku nimeuma taulo. Goti nilikuwa nimelipata! Ilinipasa ninyamaze tu, na nikanyamaza. Lakini jaribu wewe kunyamaza wakati mumeo anamsifu mtu mwingine asubuhi, mchana na kitandani. Mzee Entwistle ana jicho, Mzee Entwistle ana moyo. Pale klabuni aliwanunulia bia meza nzima. Rafiki yake Derek akamwambia, "Acha uongo wewe! Entwistle akuongezee? Hata mbao zake zina huruma kumshinda." Neville akajibu kwamba watu wenye wivu wanajulikana kwa kunywa bia ya bure.

Ndipo wiki iliyopita akaniomba nimwokee Mzee keki ya shukrani. Si keki yoyote, ile ya matunda ninayowaokea Krismasi. Mimi ndiye nimetoa, mimi ndiye nioke, na anayeshukuriwa ni yule mwenye dirisha! Nilipiga yale mayai mpaka bakuli likawa linaruka mezani. Lakini nilioka, nikaiweka kwenye mkebe mzuri wa bati, na Ijumaa asubuhi akaondoka nayo kaikumbatia.

Jioni akarudi nayo. Aliweka bati mezani, akafungua kifuniko. Kilikosekana kipande kimoja tu.

Alinisimulia akiwa bado na koti. Mzee Entwistle aliipokea keki bila kuuliza, akakata, akala, ndipo akauliza ni ya nini. Neville alipomwambia ni ya nyongeza, yule mzee alicheka mpaka makombo yakamtoka puani. Akasema yeye hajamwongezea mtu yeyote tangu yale mafuriko. Wakatazama karatasi ya mshahara. Akamwonyesha namba ya kodi iliyobadilika, akamwambia, "Hii si mimi, bwana. Hapa kuna mtu kakumegea sehemu yake, na mtu huyo ni mkeo, maana sheria haimruhusu mwingine." Halafu akanyoosha kisu akate kipande cha pili. Neville akafunika bati.

Nikangoja. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na buti zilikuwa pale mlangoni. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote: goti, dirisha, na kwamba mtu aliyekuwa anamwona tangu ana nywele kichwani alikuwa anakaa naye nyumba moja, anampikia pai. Nilisema kwa sauti kubwa, nadhani jirani alisikia. Neville akavua koti taratibu. Akakaa. Akalisukuma lile bati mpaka mbele yangu, akasema keki hii aliiomba kwa ajili ya mtu aliyemthamini, kwa hiyo ilikuwa imekosea nyumba tu.

Akasema, "Asante, Lorraine."

Nililia, dada. Nililia juu ya keki yangu mwenyewe. Na yeye akapangusa macho yake kwa kitambaa cha sahani, akaomba akatiwe kipande.

Jana, Jumamosi, buti hazikuguswa. Alilala mpaka saa tatu, akaniletea chai kitandani ikiwa baridi kidogo, nikainywa yote. Jioni tukaenda klabuni pamoja, na pale, mimi nikidhani atanyamaza, akasimama akawaambia watu wote kwamba nyongeza ile haikutoka kwa Entwistle, imetoka kwa mkewe. Derek akapiga meza, "Ahaa! Kumbe unalishwa, Neville!" Neville akamjibu, "Nalishwa, ndiyo. Na wako je, amewahi kukupa nini zaidi ya karipio?" Klabu nzima iliangua kicheko. Kabla hatujatoka, wake watatu walikuwa wameniomba ile namba ya simu, na mmoja wao ni wa Derek. Leo asubuhi Neville mwenyewe alikaa karibu yangu akinisomea namba zake, tukaomba mtandaoni na ile sehemu ya miaka minne iliyopita, kwa sababu sheria inaruhusu kurudi nyuma.

Sasa nikukirie jambo moja wewe peke yako. Ile keki ningeweza kuizuia. Ningesema unga umekwisha, na siri yangu ingekaa salama na goti lake pia. Nilijua akiifikisha ofisini kila kitu kitafumuka, na huenda kwa aibu angerudi kubeba mbao Jumamosi mpaka aanguke. Nilijua, na bado nikaioka. Nilitaka lile neno, Glenda. Nililitaka kiasi hicho. Nimeshinda, lakini kila nikikumbuka nilivyocheza na goti la mume wangu, namwekea mto chini ya mguu kabla hajaomba.

Na wewe unajua nimeshinda nini. Siku ya maziko ya mama, tukinywa chai, ulisema mbele ya shangazi kwamba siku Neville atakapopokea kitu mkononi mwa mwanamke na kusema asante, buli la mama ni langu. Nina mashahidi, klabu nzima. Usilitume kwa posta, litavunjika. Tunakuja wenyewe kwa treni kulichukua, wiki ijayo, Jumamosi. Soma tena hiyo siku, dada. Jumamosi!

Wasalimie majirani zako, na chifu wa wale ndege pia. Shemeji yako anakusalimu sana. Amesimama hapa nyuma yangu, anasema nikuandikie asante kwa zile soksi za Krismasi, za mwaka ule, na za mwaka wa kabla yake.

Mdogo wako akupendaye,
Lorraine