Maduara Meupe ya Samaki wa Papa

Jumatatu, 13 Machi 1972

Papa, baba mkwe wangu, amepanda ndege ya Kinshasa leo asubuhi, kwenda kutibiwa macho. Laurentine, binti yake, aliomba abaki na samaki, ampeleke kwake Likasi. Papa amekataa. Samaki kaniachia mimi! Wifi alinuna mpaka uwanja wa ndege, na kurudi vilevile.

Kabla ya kuondoka Papa aliniita mbele ya aquarium, tangi lake la kioo. Tangi aliachiwa na mkubwa wake wa kazi huko laboratoire, Mbelgiji, mwaka 67. Samaki mwenyewe alikuja mwaka jana kutoka Mombasa, ndani ya mfuko wa plastiki. Mkwe na mkwe hawatazamani usoni, basi tukamtazama samaki. Anaitwa Ange. Mdogo kama kiganja cha mtoto, buluu ya kukaribia nyeusi, na maduara meupe, moja ndani ya lingine.

— Mama Feza, umuangalie muzuri. Nikirudi, yeye njo kitu ya kwanza nataka kuona.

Nikasema ndiyo, papa. Ningesema nini?

Masharti: chumvi ipimwe kwa kipimo cha kioo, si kwa ulimi. Mboga ya lengalenga ichemshwe, ikatwe ndogondogo. Maji ya bomba marufuku — mabomba ni ya shaba, na shaba inaua viumbe wa matumbawe ya bahari kama yeye. Mji mzima tunakula kwa migodi ya shaba, huyu mmoja ndiye anaikataa!

Alhamisi, 11 Mei

Courant ya umeme imekatika saa nne asubuhi. Pompe ya hewa kimya. Ange kapanda juu, anahema. Nimechota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, kikombe baada ya kikombe, mpaka saa nane. Mkono si wangu tena. Chakula hakikupikwa. Floribert, mume wangu, amekula mkate mkavu na kulalamika kwamba hata yeye akiugua simhangaikii hivi. Nimemwambia augue kwanza, tuone.

Ange mzima. Nimelia kidogo, sijui kwa nini. Wala si samaki wa kuliwa!

Jumanne, 18 Julai

Kuna kitu. Duara la karibu na mkia limekatika. Na ubavuni mstari wa manjano, mwembamba kama uzi. Ugonjwa? Nimepima chumvi mara mbili. Sawa. Anakula.

Barua ya Papa, kaandikiwa na mtu. Jicho moja wamepasua, bado wanangoja. Ameuliza habari za Ange kabla ya habari za wajukuu. Nimejibu: mzima. Uzi wa manjano sikuutaja.

Jumamosi, 16 Septemba

Si ugonjwa. Anabadilika! Manjano imejaa ubavu mzima, mistari kwa mistari. Maduara yamebaki mawili, nayo yamevunjika. Machoni amejifunga kitambaa cheusi, kama mwizi. Amekua. Ni mzuri, ee Mungu, mzuri kuliko kwanza. Lakini nani atasema ni yule yule?

Nimemvuta Floribert mpaka kwenye kioo. Yeye anaona samaki tu, ati. Shahidi gani huyu!

Jumapili, 22 Oktoba

Laurentine ameshuka kutoka Likasi. Mara ya kwanza tangu Machi. Hakuketi.

— Feza, samaki ya papa iko wapi?

— Njo hii.

— Hii? Ile ilikuwa na marond nyeupe, moja ndani ya ingine! Uliuzisha kwa nani? Kwenu kuuzisha iko mu damu.

Kwetu! Baba yangu, Kasimu, Mmaniema, anauza vitambaa sokoni miaka yote, na hajaiba hata nusu mita. Nikamjibu:

— Weye juzi ulikuwa Laurentine, serikali imekataza majina ya kizungu, leo banakuita citoyenne Kyungu, na sura ni ile ile. Samaki njo hana ruhusa ya kubadirisha nguo?

Hakucheka. Akasema Papa akirudi atamwambia yote.

Imenichoma. Miaka kumi na mmoja katika nyumba hii ya mtaa wa Bel-Air, nimewauguza, nimewazalia, na bado mimi ni mtoto wa muuza vitambaa.

Jumatano, 8 Novemba

Telegramu. Macho yamekataa, yote mawili. Papa anarudi haoni.

Laurentine kaja na kulia begani kwangu. Samaki hatukumtaja.

Jumapili, 3 Desemba

Naandika jikoni, haraka haraka.

Papa amefika. Kiti hakutaka, maji hakutaka. Alisema tu: munipeleke kwa Ange. Tukampeleka, Laurentine mkono huu, mimi mkono ule. Akaweka kiganja kwenye kioo. Ange akaja moja kwa moja, akasimama hapo hapo.

— Mama Feza, uniambie. Marond yake iko?

Ukweli nilikuwa nimeuandaa. Karibu mwezi mzima nayapanga maneno. Lakini nilimtazama usoni mkwe wangu, kwa mara ya kwanza maishani, kwa kuwa hanioni. Uso umeinuka, unangoja. Nilimhurumia mno. Nikasema:

— Iko, papa. Nyeupe.

Na Laurentine — Laurentine huyu huyu! — akadakia:

— Iko yote, papa. Sawa vile uliiachaka.

Akanishika mkono nyuma ya mgongo wa baba yake. Dakika hiyo nilimpenda.

Papa akaondoa kiganja.

— Miezi munane, na bado nyeupe? Ule Bwana Mubelgiji aliniambiaka: samaki ya aina ile akikomaa, anaacha marond, anavaa manjano. Sikukuambia, mama, nilitaka ikushangaze. Mi nilikuwa nangojea manjano.

Kisha, kwa sauti ya chini:

— Ange alikufa, eh? Musinifiche. Huyu ni nani?

Nikasema chai inachemka, nikakimbilia huku. Hakuna chai. Laurentine kanifuata, amesimama mlangoni, machozi yanamtoka.

— Sema weye.

Mimi! Nikisema sasa kwamba ni manjano, aniamini vipi? Nimekwisha kusema nyeupe. Shahidi wangu wa pekee ni Laurentine, naye kasema nyeupe. Na Ange yuko pale, manjano tele, mzima, midomo kwenye kioo.

Papa anaita. Kwanza jina langu, sasa la Laurentine.