Dakika Kumi Bila Kutikisika

4 Februari

Kwako kitindamimba wetu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima na Mama yuko vilevile: upande wa kushoto bado umelala, ulimi umefunguka kidogo, na kulalamikia chumvi kumerudi kabisa. Wewe je, mgongo unaendeleaje?

Taa ya leza imefika salama, ahsante. Ila nilikuomba uje wewe, ukaleta taa. Nimeipokea kwa mikono miwili hata hivyo, maana bila haya mambo ya hologramu, picha zinazopigwa kwa mwanga wa leza, ningekuwa nimeshaanza kupiga soga na sufuria. Stoo nimeiziba dirisha kwa blanketi. Nimeweka sanduku la mchanga juu ya tyubu za baiskeli ili pasitikisike, na mbele ya kioo chenye dawa ya kunasa picha nimesimamisha birika. Ikikubali, birika litaonekana ndani ya kioo lina mgongo na tumbo. Ukiinamisha kichwa unaona mpaka nyuma ya mkono wake. Sharti ni moja: dakika kumi nyumba nzima isitikisike hata unywele. Kikitikisika kitu, picha inatoka nyeusi.

Na hapo ndipo Mama anapogonga ukuta kwa fimbo. Maji. Mto. Nzi. Nimeshapiga vioo vinane, vyote vyeusi kama sakafu ya jiko la mkaa.

Sasa jambo lenyewe. Yule fundi miwani niliyekuwa nikimfanyia kazi ananishikia nafasi yangu mpaka mwisho wa Aprili. Baada ya hapo anaajiri mwingine. Tulikubaliana kumuuguza Mama miaka miwili mimi, miwili wewe, na huu kwangu ni wa nne. Njoo ushike zamu, nami nitoke.

Dada yako


3 Machi

Dada yangu, shikamoo, na Mama mfikishie shikamoo yake.

Mgongo umenyooka, kazi ndiyo inanikunja. Juzi nilikuwa juu ya lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya saba, nikiwatoa watu watano waliokwama. Mzee mmoja alinikumbatia mpaka grisi yangu yote ikahamia kwenye shati lake.

Aprili nakuja. Safari hii ni kweli, usicheke. Nasubiri tu msimamizi asaini likizo.

Kuhusu hivyo vioo vyeusi vyako nimepata dawa. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya Mama, usiisome. Picha ikitoka nitumie niwaringie wenzangu. Nimewaambia dada yangu ni profesa.

Kitindamimba wenu


28 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Hali yangu leo sijui niieleze vipi.

Picha imetoka. Jumanne saa nane mchana, nilikaa kwenye kigoda, mikono magotini, nikisubiri fimbo. Haikulia. Dakika kumi zikatimia. Nikafungua mwanga wa leza, nikafunga, nikakiosha kioo kwenye dawa, nikakikausha. Nilipokimulika, birika lilikuwa mle ndani, na birika lenyewe nilikuwa nimeshaliondoa mezani! Nikapitisha mkono nyuma ya kioo, nikashika hewa. Nilipiga kelele kama mtoto. Ni miaka sijafurahi vile.

Nikakimbia kumwonyesha Mama. Alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na kabati, ameulalia mkono ule usiosikia. Alikuwa akijaribu kufikia glasi ya maji. Fimbo ilikuwa karibu yake. Angeweza kugonga hata sakafu. Nikamuuliza, "Mama, mbona hukugonga?" Akasema, "Mwanangu ameandika nikigonga nakuharibia."

Karatasi yako nimeikuta chini ya mto, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imelainika. Stoo nilikaa karibu saa nzima. Sijui ndani ya saa hiyo alianguka lini, naye hataki kusema. Daktari ameliangalia bega; halikuvunjika, limevimba tu.

Najua ulitaka kusaidia. Lakini watu wa watu unawafuata mpaka juu ya lifti, sisi unatuandikia maagizo. Mwisho wa Aprili hauko mbali. Njoo.

Dada yako


22 Aprili

Dada, shikamoo. Bega la Mama linaendeleaje? Sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Nitakwambia ukweli. Likizo ilisainiwa tangu Januari. Msimamizi hana kosa. Tiketi nimekata mara mbili, na mara mbili nimeirudisha. Nikikumbuka chumba kile, harufu ya dawa ya kuchua, sauti ya Mama akinyanyuliwa, nageuka nikiwa bado kituoni. Waliokwama nawaambia, "Tulieni, hewa ipo," na mimi nashindwa kuingia chumbani kwa mama yangu mzazi. Ni woga, dada. Siji.

Nisamehe.

Mdogo wako


9 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Bega la Mama limepona.

Barua yako nimekaa nayo na hasira za kubomoa nyumba. Sasa zimepungua, si kwa kuwa nimekusamehe, nimechoka tu. Woga hata mimi ninao, ila sikuwa na tiketi ya kurudisha. Fundi miwani ameajiri mtu. Alikuja mwenyewe kuniambia, akasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono, akaniachia bisibisi zangu ndogo zilizokuwa kwake.

Stoo nimeifunga. Mama hagongi tena, hata nikiwa jikoni, hata nikiwa uani naanua nguo. Akitaka maji ananyamaza. Akilowa ananyamaza. Zamani asipogonga nilijua hana shida, hata robo saa ikawa yangu. Sasa sijui ananihitaji lini, kwa hiyo sitoki. Godoro langu nimelihamishia chumbani kwake. Nikienda msalani naacha mlango wazi.

Nimemsihi. Nimemwapia kwamba vile vioo si kitu. Ananipigapiga mkono wangu kwa mkono wake mzima, anasema, "Mwanangu aliandika." Mimi ninayemlisha hanisikii, na karatasi yako bado iko chini ya mto.

Kwa hiyo sikuombi tena uje. Nakuomba mstari mmoja tu, kwa mwandiko wako: mwambie Mama agonge.

Dada yako