Shikamoo ya Rehema

Kibaoni, Jumanne, Mei 1996

Ati nilimharibu mwanangu kwa kulala kwenye kichanja cha dungu shambani nikiwa mjamzito, nikiwinga ndege wa mpunga! Mama mkwe amelirudia leo mbele ya majirani.

Nikamweleza tena alichosema daktari: Rehema ana kromosomu moja iliyozidi, ndiyo maana akili yake inakwenda polepole. Anayo tangu mimba ilipotunga.

"Basi waing'oe," akasema. "Jino likizidi si linang'olewa?"

Nimechoka. Nikifa mimi, nani atamvumilia huyu mtoto?

Tukiwa bado tunabishana, Rehema akapiga goti. "Shikamoo, bibi." Miaka mitatu namfundisha, leo ndiyo kaitamka yote.

Bibi yake akageuza uso, hakuitika.

Halafu asiyefundishika ni mtoto!