Kwako Semeni, Uliyeoka Fisi Siku ya Posa

Leo umetimia mwaka mmoja, dada Semeni, tangu ulipofumba macho nyumbani kwako Kichangani, na bado tumekukasirikia. Wenzetu wakiandika kumbukumbu huanza na machozi. Sisi nasi tulijaribu. Kaka yako Kibwana aliandika ya kwake, ndefu na tamu, kwamba uliishi vyema na watu wote wala hukuwahi kumuudhi mtu, akamsomea mwanao Mwanvita. Mwanvita alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kama uongo ule utatoka kwa jina la familia, basi jina lake yeye lisiwemo. Ndipo kalamu akapewa mdogo wako Mwanaasha, kwa sharti moja tu la mwanao, kwamba yaandikwe yaliyotokea.

Haki yako hatukunyimi. Hapa Morogoro hajatokea wa kuoka kama wewe. Oveni yako ilikuwa pipa, mkaa chini na mkaa juu, na vibati vya kukatia maumbo ulivikata mwenyewe kwa makopo ya maziwa, mpaka vidole vikaota sugu. Biskuti ya mviringo uliiita biskuti ya mvivu. Wewe ulioka kandambili za mdalasini. Ulioka mijusi ya mchaichai yenye macho ya karafuu. Wanafunzi wa Mazimbu walipokaribia mitihani uliwaokea ubongo wa nazi, wakapanga foleni mpaka barabarani. Na mbegu za fenesi, ambazo watu wengine huzitupa, wewe ulizikaanga, ukazitwanga, ukazichekecha, ukapata unga wenye harufu ambayo hatujaikuta popote tena.

Na kila Sikukuu kila mtoto wa mtaa alipata umbo la kile anachokitamani. Aliyetaka baiskeli alipata baiskeli ya tangawizi, na aliyetaka nguo mpya alipata gauni lenye vifungo vya zabibu. Hukumruka mtoto hata mmoja, hata wa wale uliogombana na mama zao. Hayo tumeyaona kwa macho yetu na tunayashuhudia.

Lakini ulikuwa na ulimi, dada, na ulipochoka kuutumia ulitumia unga. Jirani yako Devotha, ambaye alipenda kusimama karibu na dirisha lako, ulimpelekea sahani ya masikio. Bahati yako Devotha ni mtu wa kucheka, akayala yote na kuomba mengine. Wewe ukadhani dunia nzima ni Devotha.

Tufike kwenye fisi.

Mwanvita alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi cherehani, mtu asiye na makuu. Hafidhi alikuwa mwalimu wa hesabu huko Dumila, na walikuwa wamengojana miaka mitatu kwa sababu za kueleweka, kwanza msiba wa baba yake Hafidhi, kisha nyumba aliyokuwa akiijenga. Siku alipokuja kukuambia kuwa washenga watafika Jumapili, Mwanvita alikaa chini miguuni pako akakushika magoti. Ulifurahi, hatubishi. Uliimba siku nzima. Halafu ukasema washenga hao utawaokea fisi.

Wanaosoma hapa wasio wa kwetu waelewe jambo hili. Baba yake Hafidhi alikuwa mtu wa Kinole, wa ukoo ambao ni watani wetu tangu enzi za mababu. Mtani ukimwita fisi mbele za watu hakasiriki. Anakujibu kwa tusi kubwa zaidi, mnacheka, undugu unakaza. Kumpokea mtani kwa adabu tupu ndiko kumtukana. Mpaka hapo ulikuwa sawa.

Ila kwetu Waluguru ukoo wa mtu ni wa mama yake. Wa baba unauheshimu, lakini si wako. Na mama yake Hafidhi ni mtu wa Gairo, na tangu baba afariki ni wajomba wa Gairo waliokuwa wakisimamia mambo ya kijana. Wewe, dada, uliyejigamba kuwa unazijua koo zote za milimani kuanzia Matombo mpaka Mgeta, uliwahesabia watu ukoo kwa baba kama mtu aliyezaliwa kituo cha mabasi.

Na usiseme hukuambiwa. Jumamosi ile jikoni Mwanvita alikuwa akipaka siagi trei, wewe unakanda unga, Mwanaasha anachonga masikio ya fisi kwa ncha ya kisu. Mwanvita akainua uso.

"Mama, wanaokuja ni wajomba zake, wa Gairo. Watani wetu ni upande wa baba yake. Hao umewaulizia?"

"Wewe umezaliwa hapa mjini," ukamjibu, "leo utanifundisha mimi habari za koo?"

Akarudia tena, kwa upole, maana hajawahi kukupandishia sauti. Ukamwambia mpakaji wa siagi aangalie siagi yake. Na Mwanaasha akacheka, akamwambia amwache mama yake afurahi. Mwanvita akaendelea kupaka. Anasema mpaka leo akishika siagi mkono unakumbuka.

Wakaja Jumapili baada ya Alasiri. Mjomba mtu, Mzee Abdulatif, alivaa kanzu iliyopigwa pasi ikakubali, amefuatana na wanawake wawili. Kibwana aliwapokea, wakaketi mkekani, wakanywa maji, barua ya posa ikawekwa katikati. Mwanvita alikuwa chumbani, hina haijakauka mkononi, amekaa kitandani akisikiliza kila kikombe kinachowekwa. Kabla barua haijafunguliwa ukaingia na sinia lililofunikwa kawa. Ukafunua. Fisi ishirini na wanne, meno ya karanga, ndimi zimepakwa wekundu wa rozela, na ndani umewatia pilipili kichaa.

"Karibuni, mafisi," ukasema. "Najua mmenusa nyama."

Kibwana akacheka mpaka akashika ukuta. Mwanaasha akacheka. Ilituchukua muda kugundua kwamba tunacheka wenyewe. Mzee Abdulatif aliliangalia sinia, akauliza taratibu kama huku kwetu ndivyo mabinti wanavyoozwa. Kibwana, machozi ya kicheko yangali yakimtoka, akamwambia asijifanye hajui utani.

"Utani na nani, bwana?" mzee akasema. "Mimi mtu wa Gairo. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa dada yangu."

Akaiokota barua pale mkekani, haijafunguliwa, akaitia mfukoni. Akatoa salamu. Mwanvita alisikia viatu vikivaliwa barazani, jozi moja baada ya nyingine, kisha lango. Alipotoka chumbani ulikuwa bado umesimama na kawa mkononi, na neno la kwanza ulilomwambia ni kwamba watu wa siku hizi hawajui kucheka.

Hapo ilikuwa bado rahisi. Kosa la namna ile lina dawa yake, nayo inajulikana. Unakwenda, unakaa chini, unasema nimekosea. Jumatatu tulikuambia. Ijumaa tukakuambia tena. Kibwana alisema atakusindikiza. Ukauliza wewe, mtu mzima na heshima zako, uende Gairo kuomba radhi kwa ajili ya biskuti? Mwezi wa pili tangu siku ile Mwanvita alikupigia magoti, safari hii akilia. Ukamwambia mwanamume anayekupenda hazuiwi na fisi wa unga. Mwezi wa tano wajomba walimwoza Hafidhi mke mwingine, huko huko Gairo. Habari zilipofika ulikuwa unaoka mijusi, na trei ile hukuiacha iungue.

Kisha ukapata kiharusi. Wiki tatu Mwanvita alikuogesha, akakulisha, akakugeuza ubavu, akakufulia. Hakuna jirani anayeweza kusema ulilala mchafu hata siku moja. Lakini maneno hakukupa zaidi ya yale ya kazi. Kunywa. Inua mkono. Dawa hii. Wewe nawe, ambaye ulimi ulikurudia nusu, ulizungumza na kila aliyekuja kukuona isipokuwa yeye.

Asubuhi moja akikulisha uji ukamwita.

"Mwanvita."

"Abee, mama."

"Siku ile. Pilipili niliizidisha."

Mwanvita aliweka kijiko chini akakungoja. Alikungoja, dada, mpaka uji ukaota utando. Ametusimulia kwamba alijua neno lile lingine liko karibu, na alikuwa tayari kulipokea hata lingekuja nusu. Hukuliongeza. Ndipo akasema, "Haikuwa pilipili, mama." Ukageuza uso ukutani. Kesho yake saa nane mchana ukatutoka.

Jeneza lilipokuwa uani, Kibwana alisimama kama desturi ilivyo, akawaomba watu kwamba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe. Wanaume nje wakaitikia tumemsamehe. Wanawake ndani tukaitikia. Mwanaasha alikuwa bega kwa bega na mwanao, akaona midomo yake haikufunguka. Akamgusa kwa kiwiko. Mwanvita akamtazama tu, mkavu wa macho, mpaka Mwanaasha akatazama chini. Ukabebwa ukapelekwa makaburini ukiwa umesamehewa na mtaa mzima isipokuwa mtoto wako wa pekee.

Mwaka huu wote watu wamekuwa wakimjia na sifa zako. Mama alikuwa mcheshi. Mama alikuwa na vituko. Mwanvita huwasikiliza, kisha huwauliza kama wao wamewahi kuchekeshwa mpaka wakakosa mume. Wamepungua kuja. Pipa lako hakuliuza wala hakuliwasha.

Mpaka mwezi uliopita. Alitia mkaa chini na juu, akaoka biskuti za mviringo, biskuti za mvivu, za mdalasini tu. Akazifunga, akapanda basi la Gairo bila kumuaga mtu. Alimkuta Mzee Abdulatif uani anabangua karanga, akampa shikamoo, akakaa chini kwenye mchanga, akasema amekuja kumwombea radhi mama yake, kwa kuwa mama yake aliondoka bila kuomba.

Mzee alimtafutia kigoda kwanza. Kisha akamweleza kwamba ni kweli aliondoka kwetu kwa hasira, lakini walipofika Dumila walishuka kunywa chai, na mmoja wa wale wanawake akatoa kwenye mkoba fisi watatu aliowachukua sinia likiwa bado liko mkekani. Wakawala. Pilipili ikawachoma, wakaanza kutazamana, wakacheka mpaka mwenye mgahawa akaja kuuliza kuna nini.

"Angekuja mtu kesho yake," mzee akamwambia, "hata mtoto mdogo na salamu tu, tungeyamaliza. Nilingoja miezi mitano, mwanangu. Hakuja yeyote. Nikajua kumbe mlimaanisha."

Mwanvita alirudi siku ile ile. Tulidhani angekuja amepoa, maana ameombwa aketi, amenyweshwa chai, amepewa na karanga za kubeba. Wapi. Alituita, Kibwana na Mwanaasha, akatusimulia yote haya akiwa amesimama. Alipomaliza akauliza swali moja.

"Mama alikuwa na kiburi. Nyie mlikuwa na nini?"

Kibwana akaanza kusema wewe ndiye uliyekuwa mama wa binti, tulikuwa tunakungoja wewe. Hakumaliza. Yeye ni mjomba mtu, na kwetu mjomba hahitaji ruhusa ya mtu kwenda kutengeneza posa ya mpwa wake. Mwanaasha naye alikuwa na miguu, na basi lilikuwepo kila siku. Tulikaa miezi mitano tukikulaumu wewe majirani wakisikia, na lawama zile zikatutosha, tukajiona tumefanya kazi.

Basi, dada Semeni, kwa kuwa wewe hukulisema, na wafu hawasemi, tunalisema sisi hapa, wasome watu wa Kichangani, wa Dumila na wa Gairo. Mwanvita, tulikukosea. Ulituambia kabla na tukakucheka. Ulilia baada yake na tukakuacha ulie. Haikuwa pilipili. Tunakuomba radhi.

Hitma itasomwa Jumapili baada ya Adhuhuri, nyumbani. Chai itakuwepo. Biskuti hazitakuwepo.

Unakumbukwa na kaka yako Kibwana, aliyecheka wa kwanza, na mdogo wako Mwanaasha, aliyewachonga fisi masikio. Unakumbukwa na jirani yako Devotha na watoto wa mtaa, ambao Sikukuu hii walikuja langoni wakasimama. Unakumbukwa na mwanao Mwanvita. Ameyasoma yote haya, akafuta sehemu mbili ambamo tulijipendelea, akakubali jina lake liandikwe. Kuhusu kutusamehe, wewe na sisi, amesema bado.

Hata siku moja hatutakusahau, Semeni. Yeye hasa.